Tulivyopotea Marlowick

Clifford Tranter aliniposa siku ya Jumapili, jikoni kwangu, akiwa ameshika kitambaa cha kukaushia vyombo. Nikamwambia, "Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Tunakwenda Marlowick na chama cha bustani. Na umesema binti yako atakuja."

Akaiweka sahani kabatini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Glenys, atakayekuoa ni mimi. Si Bryony."

"Najua. Lakini sitaki kuingia kwenye familia ya watu kwa dirishani."

Hakunibishia. Clifford si mtu wa kubishana. Alinitazama tu kwa yale macho yake ya kijivu, na mimi nikajifanya nasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata zamani. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, yeye sitini na saba. Watu hudhani kwa umri huo moyo umeshakunjwa ukawekwa kabatini pamoja na mablanketi ya baridi. Wala. Wiki nzima ile sikulala sawasawa.

Jumamosi ikaja na manyunyu, kama kawaida ya Juni kwetu Kidderminster. Bryony alikuwa ameshuka na treni jana yake kutoka Aberdeen, kaskazini kabisa, alikoolewa. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya mazishi ya mama yake, Maureen. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, koti la kijani, na macho ya mama yake yaleyale. Macho hayo ndiyo yaliyonipa shida.

"Habari za safari, Bryony?" nikamuuliza kwenye mlango wa basi.

"Nzuri. Asante, Bi Probert."

"Mwite Glenys, mwanangu," Clifford akasema. "Bi Probert alikuwa mama mkwe wake, na wala hawakupatana."

Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakacheka. Bryony hakucheka. Alipanda, akakaa na baba yake, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha upande wa pili ili nisije nikadhani ninakaribishwa. Nikaenda kukaa nyuma na Sybil, jirani yangu, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake ila hajui.

"Huyo ndiye?" akaninong'oneza, basi zima likasikia. "Mbona kanuna hivyo? Kameza ndimu?"

"Sybil, ana masikio."

"Na asikie. Baba yake amekaa peke yake karibu mwaka mzima anakula maharage ya kopo. Yeye alidhani nani atampikia, paka?"

Nikampa peremende ili kinywa chake kipate shughuli.

Marlowick ni kasri ambalo ukishaliona huna haja ya kuambiwa kwamba watu wake walikuwa na fedha kuliko akili. Tulipita ukumbi wa picha, mabwana na mabibi wa karne zilizopita wametukodolea macho kutoka ukutani. Clifford akasimama mbele ya bibi mmoja mnene aliyepakata mbwa.

"Huyu ni Sybil mtupu."

"Mimi sina mbwa," Sybil akasema.

"Namsema mbwa."

Nilimwona Bryony akigeuza uso upesi. Alikuwa karibu kutabasamu. Nikajisemea, basi, yupo mtu mle ndani.

Tukaingia chumba cha kulala kilichoandaliwa kwa ajili ya mfalme, zamani hizo, na mhudumu akatueleza kwamba mfalme mwenyewe hakuja. Kitanda kilitandikwa kwa hariri na dhahabu, wakangoja, wakangoja, mpaka leo hajakilalia mtu. Sijui ni nini kilichonishika. Nilikitazama kile kitanda, nikaona huruma kama vile ni mtu. Clifford akaniona. Akasogea, akanishika mkono, vidole vyake vikaingia katikati ya vyangu bila haraka, na joto lake likanipanda mpaka shingoni kama msichana.

Nilipoinua macho, Bryony alikuwa anatutazama. Hakutazama nyuso zetu. Alitazama mikono.

Nikauchomoa wangu. Niliona jinsi Clifford alivyobaki ameukunjua mkono wake mtupu, hajui auweke wapi.

Tulikula chakula cha mchana bustanini, juu ya blanketi, manyunyu yakiwa yamekatika. Nilikuwa nimetengeneza sandwichi za mayai, na pai la nyama ya nguruwe, na chai kwenye chupa. Bryony alichukua sandwichi moja, akaishika asiile.

"Baba," akasema, "kile chumba cha chini tumeshakipaka rangi. Kina dirisha linaloangalia bahari. Nimekuja kukuchukua."

Clifford akaacha kutafuna. "Kunichukua kama mzigo?"

"Kama baba yangu. Utaishi na sisi. Utamwona mjukuu wako kila siku."

"Nina nyumba, Bryony. Nina bustani. Nina..." Akanitazama.

"Ndiyo, nimeona ulicho nacho. Kila mtu ameona." Sauti yake ikaanza kutetemeka. "Mama hajatimiza hata mwaka, baba. Hata mwaka! Na wewe unatembea umeshikana mikono na mwanamke mbele za watu."

"Watu gani? Sybil?"

"Usinifanyie mzaha! Mama angekuona leo angesemaje?"

Clifford akasimama. Nimemjua katika taabu nyingi mtu huyu, lakini sikuwahi kumwona amebadilika rangi namna ile. "Mama yako," akasema, "nilimwogesha kwa mikono yangu miaka minne. Nilimlisha. Nilimfundisha jina langu kila asubuhi na kila jioni akawa amelisahau. Wewe ulikuwa wapi?"

Hata Sybil, aliyekuwa kwenye blanketi la jirani, alishusha kikombe chake.

Bryony akaweka sandwichi kwenye sahani. Akainuka, akavuta koti lake, akaondoka kwa hatua ndefu akikatisha nyasini, hajali anaelekea wapi.

"Bryony!" Clifford akaita. Uso ulikuwa umeshamsawijika. "Mungu wangu, nimesema nini?"

"Kaa hapo," nikamwambia.

"Nimfuate..."

"Wewe umeshasema vya kutosha. Kaa, unywe chai."

Nikavaa viatu vyangu nikamfuata mtoto wa watu, na moyoni nikijiambia: Glenys, jibu lako la leo limeshapatikana. Utamwambia hapana. Mwanamke gani anamtenganisha mtu na binti yake wa pekee?

Koti la kijani likapotelea kwenye mlango wa mzingile wa Marlowick. Ni miti iliyopandwa ikakatwa ikawa kuta, ndefu kumpita mtu mrefu, na katikati yake vichochoro vinavyopinda na kurudi vilikotoka. Matajiri wa zamani waliona kupotea ni mchezo. Niliingia mbio, nikapinda kulia, nikapinda tena, na baada ya muda mfupi sikumwona Bryony wala mlango. Nikazunguka mpaka soksi zikalowa. Mwishowe nikapinda kona moja nikamkuta amesimama kwenye kichochoro kisicho na njia, mbele ya benchi la jiwe, anafuta macho.

"Bi Probert. Umenifuata?"

"Nilikuwa nakufuata. Sasa hivi natafuta tu pa kutokea."

Tukaanza kutafuta pamoja. Ghafla sauti ikatoka juu. Pembeni mwa mzingile kuna jukwaa la mbao ambalo watu hupanda ili wawaone waliopotea, na pale juu alikuwa amesimama Clifford, ameshika kofia mkononi.

"Nawaona! Pindeni kushoto!"

"Kushoto kwetu au kwako?" nikamuuliza.

"Kushoto! Kushoto ni kushoto!"

Tukapinda. Tukafika kwenye benchi la jiwe.

"Si hiyo! Rudini, kisha kulia!"

Tukarudi, tukaenda kulia, tukapita penye sanamu ya ndege wa shaba, tukapinda kila alipotuambia. Benchi la jiwe.

Bryony akalitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka akajishika tumbo. "Mtu huyu ameendesha basi la abiria miaka thelathini," akasema. "Walikuwa wanafika kweli?" Nikacheka naye. Halafu katikati ya kicheko, bila onyo, kilio kikamjia, akaketi kwenye benchi.

Nikaketi kando yake. Sikumgusa.

"Alisema kweli," akasema baadaye. "Sikuwepo. Nilikuwa nakuja, nalala usiku mmoja, naondoka. Mara ya mwisho mama aliniuliza kama mimi ndiye fundi wa bomba. Nilitoka nikalia garini. Sikurudi tena mpaka msibani." Akajifuta pua. "Na kila nilipompigia baba simu, ni Glenys hivi, Glenys vile. Glenys kaleta keki. Glenys kamsuka mama nywele. Nilikuchukia. Nilidhani unamnyemelea baba huku mama bado anapumua."

"Baba yako? Wakati ule alikuwa anavaa soksi zisizofanana. Sikuwa namwona hata kama mwanamume."

"Sasa ulikuwa unakuja kwa ajili ya nani?"

Nikamweleza. Mume wangu Alun alikuwa kwenye nyumba ya wagonjwa alikopelekwa Maureen hatimaye, mlango wake ukitazamana na wa Maureen. Siku ya kwanza Maureen aliponiona aliniita Peggy.

"Dada yake," Bryony akasema. "Alikufa kabla sijazaliwa."

"Nilijua baadaye. Mwanzo nilikuwa namsahihisha. 'Mimi Glenys,' namwambia. Anaingiwa na hofu, anaanza kutafuta mlango. Basi nikaacha. Nikawa Peggy. Nikawa namsuka, tunawasengenya majirani wa mtaa ambao sijawahi kuuona. Halafu Alun akafariki. Tukamzika. Juma lililofuata nikaamka asubuhi, nikavaa viatu, nikaenda."

"Kwa nini, na mumeo alikuwa ameshakufa?"

"Kwa sababu Peggy alikuwa anangojwa."

Akanitazama kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unapita juu ya ile miti bila kutufikia sisi. Nikaona swali linamjia, nikalijua kabla hajalitamka, nikaliogopa.

"Aliniulizia?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno moja tu, na mimi ningekuwa nimeshinda. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya Maureen, na Maureen nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha kwamba mimi ni dada yake.

"Kwa jina lako, hapana," nikasema. "Sitakudanganya. Jina lilikuwa limeshampotea."

Akaitikia kwa kichwa, midomo ameibana.

"Ngoja, sijamaliza. Kila alasiri, saa tisa ikikaribia, alikuwa anachukua koti lake. Wahudumu wanamwambia, keti Maureen, chai inakuja. Hataki. 'Mtoto anatoka shule,' anasema. 'Na mwavuli kauacha, atalowa.' Anakwenda kusimama mlangoni. Mwanzo walikuwa wanamrudisha kwa nguvu, analia mpaka jioni. Basi nikawa namshika mkono, tunatoka, tunazunguka ile bustani mpaka getini. Kila siku. Mvua, jua, theluji. 'Kachelewa leo,' anasema. Siku moja nikamwambia, 'Yule pale, Maureen, anakuja.' Akapunga mkono, Bryony. Hapakuwa na mtu barabarani, lakini alipunga mkono, na uso wake... mimi nina miaka mingi duniani, sijaona mtu amemfurahia mtu namna ile."

Bryony alikuwa amejiziba kinywa kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nausahau kila siku," akasema kupitia vidole. "Mwavuli. Kila siku alikuwa ananigombeza."

Akaniegemea. Hakuuliza, mimi sikuuliza. Nikamkumbatia yule mwanamke mtu mzima, mama wa mtoto, akalia begani kwangu mpaka koti langu likalowa kuliko soksi. Na mimi nikalia, maana kwa Alun nililia, lakini kwa Maureen sikuwahi kupata pa kulilia. Mimi sikuwa ndugu yake.

"Mbona mmenyamaza?" Clifford akapaza sauti kutoka juu. "Mmezimia? Nakuja!"

"Baba, usije!" Bryony akajibu. "Utapotea na wewe!"

Lakini jukwaa lilikuwa tupu tayari. Tukasikia viatu vyake kwenye changarawe, vikikaribia, vikienda mbali, vikikaribia tena. Kisha tukasikia anahema karibu kabisa, upande wa pili wa ukuta wa miti.

"Bryony? Upo hapo?"

"Nipo, baba."

"Sioni njia."

"Hakuna. Baki hapohapo."

Akabaki. Sikumwona, lakini nilijua anazungusha kofia mikononi, kama afanyavyo akishindwa na maneno.

"Lile neno," akasema. "Kule kwenye blanketi."

"Ulisema kweli, baba."

"Sikusema kweli! Ni mimi niliyekwambia usije. Umesahau? Ulinipigia, ukasema unaacha kazi, unahamia nyumbani umtunze. Nikakukatalia. Nikakwambia baki na mwanao, mimi nipo. Sikutaka umwone mama yako akiwa vile. Halafu leo nakulaumu kwa kunitii." Nikasikia akisogelea matawi. "Nisamehe, mwanangu."

Bryony akasimama. Akaingiza mkono wake katikati ya matawi, mpaka kwenye bega, majani yakimkwaruza shavu. Akakaa hivyo kitambo anatafuta. Kisha nikaona uso wake unalegea, nikajua amemshika.

"Mimi nilitaka uje Aberdeen ili nami nikutunze," akasema. "Ya mama yalinipita. Sikutaka na yako yanipite."

"Nitakuja. Nitakuja mpaka mnichoke. Lakini siwezi kuhama, Bryony. Mwanamke yule..." Akasita. "Yupo hapo anasikia?"

"Yupo."

"Asizibe masikio. Mwanamke yule nilimpelekea nyanya baada ya mazishi. Nilitaka kumshukuru. Nikasema asante, nikashindwa kuendelea, nikasimama mlangoni kwake kama mwizi aliyekamatwa kikapu kikiwa mkononi. Hakuniuliza lolote. Alizichukua zile nyanya, akasogea, nikapita. Tangu siku ile nikajua kwamba bado nipo hai. Jumapili nilimposa, na leo nangoja jibu."

Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Siku ile ya nyanya naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Ndiyo siku niliyomwona Clifford Tranter kwa mara ya kwanza, baada ya kumjua miaka yote ile.

Bryony akageuza kichwa kunitazama, mkono bado uko kwenye miti. "Na wewe ungemjibu nini leo?"

"Nilikuwa nimekata shauri nimkatae," nikasema. "Sitaki akukose wewe kwa ajili yangu."

"Glenys!" Clifford akaita kwa uchungu.

"Nyamaza kwanza, baba." Bryony akanitazama vizuri, kama anayeniona bila kitu kati yetu. "Hatanikosa. Muulize tena, baba. Muulize sasa hivi, kabla hajaanza kutufikiria sisi wote badala ya kujifikiria mwenyewe."

"Kupitia kwenye miti?"

"Kwani unaona njia nyingine?"

Akakohoa. Nikamsikia akiivaa kofia, kisha akaivua. "Glenys," akasema, "mimi si kijana, na ramani sijui kusoma. Utaolewa na mimi?"

Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatushukia kutoka kwenye jukwaa. Ilikuwa ya Sybil, na nadhani waliisikia hata kule ndani ya kasri.

"Sema ndiyo upesi, Glenys, basi linaondoka saa kumi!"

Nikacheka huku machozi yananitoka. "Ndiyo," nikasema. "Ndiyo, Clifford. Ndiyo."

Watu wakapiga makofi mahali fulani nje, wageni ambao hatukuwahi kuwaona nyuso. Sybil ndiye aliyetutoa, anaelekeza kwa mwavuli kama askari wa barabarani, na hakukosea hata kona moja. Tulipokutana na Clifford kwenye njia pana alikuwa na jani sikioni. Alimkumbatia binti yake kwanza, kwa muda mrefu, nami nilisimama kando nikashukuru kwamba ilikuwa hivyo. Kisha akanijia mimi. Safari hii aliponishika mkono sikuuchomoa.

Kwenye basi, Bryony alifika safu yangu akasimama.

"Bi Sybil, naomba ukae mbele na baba. Naogopa atamwelekeza dereva."

Sybil akahama bila kununa. Bryony akaketi kando yangu, akalivua lile koti la kijani, akalitandaza magotini kwetu wote wawili, maana baridi ilikuwa imeanza. Basi likatoka kwenye geti la Marlowick.

"Sikukushukuru," akasema taratibu. "Kwa zile alasiri."

"Umeshanishukuru."

"Bado. Nieleze kuanzia mwanzo, Glenys. Siku ile ya kwanza aliyokuita Peggy. Alikuwa amevaa nini?"

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamshukuru na Maureen, aliyenipa nafasi pembeni yake wakati mimi mwenyewe sikuwa na pa kwenda. Kisha nikamgeukia binti yake.

"Gauni la buluu," nikasema, "na vifungo alikuwa amevikosea."